Risala ya Mabondia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kapteni Kutundika Glavu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, kocha wetu, wazee wa mtaa, wazazi, mabondia wa vilabu jirani vya Eastlands, mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa: hamjambo?

Tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Tunajua barabara ya Jogoo ilivyo Jumamosi jioni, na kwamba ungeweza kutuma mwakilishi. Umekuja mwenyewe. Karibu sana.

Aliyeketi kushoto kwako ndiye Kapteni, dada yetu. Baada ya miaka 14 ulingoni ametundika glavu. Daktari alimshauri kuhusu jicho la kushoto, naye akasikia. Hatumsihi arudi. Tunakumbuka kwamba Robert Wangila, shujaa wetu wa Olimpiki ya Seoul, alipanda ulingoni Las Vegas Julai 1994 na kufariki kwa majeraha ya pigano hilo, akiwa na miaka 26 tu. Bondia anayeshuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akili timamu, ametupa zawadi, na tunaipokea kwa mikono miwili.

Lakini Jumanne iliyopita, tukifungua bandeji baada ya mazoezi, swali lilizuka, na tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga mlango: je, Kapteni ataacha pengo katika ndondi?

Mmoja wetu, kijana anayekesha na simu akifuatilia mapigano ya Marekani, alishikilia kwamba ndondi haijui pengo. Muhammad Ali, alisema, alipigana mara ya mwisho Desemba 1981 kule Bahamas, akashindwa na Trevor Berbick. Ungedhani mchezo umezikwa siku hiyo. Novemba 1986, Berbick huyohuyo akaangushwa raundi ya pili na kijana wa miaka 20 aitwaye Mike Tyson. Hata miaka mitano haikutimia. Akamtaja Floyd Mayweather, aliyestaafu Septemba 2015 akiwa na ushindi 49 bila kushindwa, kisha 2017 akarudi kuutafuta wa 50 kwa Conor McGregor, mtu ambaye hakuwa amewahi kupigana ndondi za kulipwa. Akamtaja Manny Pacquiao, aliyestaafu 2021 na kurudi 2025 akiwa na miaka 46. Ndondi, alisema, ni kama matatu ya Thika: abiria akishuka, mwingine anakalia kiti kabla hakijapoa.

Kwa Las Vegas, maneno yake ni kweli. Kwa Nairobi tunayakataa, na tunaomba utusikilize tueleze kwa nini.

Kenya ina medali 7 za ndondi za Olimpiki. Philip Waruinge alileta shaba kutoka Mexico 1968, na pamoja nayo akapewa Kombe la Val Barker, analopewa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote. Hebu fikiria, Mheshimiwa: waliopata dhahabu walikuwepo, na bado kombe likaenda kwa Mkenya mwenye shaba. Munich 1972 akaongeza fedha, huku Samuel Mbugua na Dick Murunga wakipata shaba. Ibrahim Bilali alipata shaba Los Angeles 1984. Kisha Seoul 1988: Chris Sande shaba, na Wangila akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha.

Baada ya hapo hakuna. Tangu Seoul, hakuna bondia wa Kenya aliyepanda jukwaa la medali la Olimpiki. Sisi tunaosoma risala hii hatukuwa hata tumezaliwa.

Wangila hakuwa peke yake. Mwaka mmoja kabla ya Seoul, hapa hapa Nairobi, mabondia wetu walitwaa dhahabu 8 katika Michezo ya Afrika. Kilikuwa kizazi kizima, na kizazi kile kilipoondoka, wachache mno walibaki kwenye kumbi za mitaa kumfundisha mtoto wa jirani jinsi ya kusimama. Huko Marekani pengo huzibwa na pesa. Huku kwetu huzibwa na mtu anayekuja ukumbini kila jioni, na asipokuja, halizibwi na kitu.

Kapteni hakufika Olimpiki. Mara moja alikaribia. Aliitwa kwenye mchujo, na siku ya kusafiri nauli aliyoahidiwa haikufika. Kesho yake alfajiri alikuwa soko la Gikomba akifungua bale la mitumba kama kawaida, na jioni alikuwa hapa. Hakutueleza lolote. Tulikuja kusikia kwa watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tukueleze jambo dogo ambalo huenda hukuliona ulipoingia. Angalia kamba za ulingo. Vile vitambaa vilivyoanikwa ni bandeji za mikono. Mtoto akifungwa vibaya, anaweza kuvunjika mfupa wa kidole gumba siku ya kwanza, na mama yake asimruhusu kurudi tena. Kapteni hufunga hivi: kitanzi kwenye kidole gumba, mizunguko mitatu kwenye kifundo cha mkono, kisha juu ya vifundo vya vidole, kisha katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine. Halafu anakuambia ukunje ngumi na kuigonga kwenye kiganja chake. Akihisi bandeji inacheza, anaifungua yote na kuanza upya, hata kama watoto kumi wanasubiri kwenye foleni. Mazoezi yakiisha anazikusanya, anazifua kwenye beseni, anazianika hapo. Kesho yake tunazikuta zikinukia sabuni ya kipande.

Oktoba 2016, Fatuma Zarika alipomshinda Alicia Ashley kule Michigan na kutwaa mkanda wa dunia wa Baraza la Ndondi la Dunia (WBC), wasichana watatu walikuja mlangoni wiki iliyofuata wakiuliza ada ya kujiunga ni ngapi. Kapteni aliwaambia ada ni kuja kesho. Wawili wako hapa leo. Mmoja ndiye anayesoma risala hii. Kwa hiyo tunajua vizuri kwamba nyota wa mbali anaweza kuwafikisha watoto mlangoni. Lakini pasipo mtu ndani, watoto hao watagonga, watasubiri kidogo, kisha watarudi nyumbani.

Wapo wenzetu waliotoka klabu hii wakachukuliwa na timu za Polisi, Jeshi na Magereza. Tunawapongeza, kwa sababu huko kuna mshahara, na bondia ana tumbo kama watu wengine. Hatuwalaumu hata kidogo. Ila kila anapoondoka mmoja, klabu huanza tena na watoto wasiojua hata mguu gani utangulie, na kwa miaka yote hiyo mtu aliyeanza nao upya alikuwa Kapteni, huku yeye mwenyewe akijiandaa kwa mapigano yake.

Sasa ombi letu. Tungeweza kuomba ulingo mpya, na kweli turubai hii imeraruka kwenye kona ya bluu, kama unavyoiona. Tungeweza kuomba taa. Tumekubaliana vitu hivyo vingoje. Tunaomba utusaidie Kapteni apate mafunzo rasmi ya ukocha, na baada ya hapo apate posho ya kila mwezi ya kufundisha wasichana katika ukumbi huu. Akibaki bila chochote, Gikomba itamchukua mchana na jioni pia, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Ana watoto wawili wa kulisha.

Dada Kapteni, hukutaka sherehe hii. Ulisema pesa za soda zinunue kinga za meno. Utusamehe, kwa mara moja tumekukaidi. Kinga za meno tutazichangia mwezi ujao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pigano la kwanza jioni hii ni la msichana wa kilo 48 ambaye hajawahi kupanda ulingoni mbele ya watu. Mikono yake imefungwa na Kapteni, na Kapteni ndiye atakayekaa kwenye kona yake. Kengele iko mezani mbele yako. Tunaomba uipige.

Ni sisi, mabondia wa klabu.