Barua kwa Mussa kuhusu biti za bodi zake

Kariakoo, Dar es Salaam

Ndugu yangu Mussa,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mama mguu wake unaendelea vizuri, na watoto wamefunga shule kwa hiyo nyumba haina kimya. Natumaini shemeji na wadogo hapo Tabora hawajambo.

Barua yako ya kulalamikia biti, zile ncha za drili, zinazokwisha haraka unapotoboa bodi za saketi za mashine zako za kutotolea vifaranga, imefika pamoja na kile kipande cha bodi, na umefanya vyema kukituma. Nimekiweka chini ya lenzi. Upande wa kushoto, kwenye rezista, matundu ni safi kabisa. Ukisogea kulia kuelekea kwenye rilei, ile swichi ya umeme, kingo zinaanza kuchanika, shaba imeinuka juu, na vile visahani viwili vya kuchomea risasi vimebanduka. Ukigeuza upande wa pili unaona bodi imefanya weupe kuzunguka tundu, ishara kwamba biti ilipita kwa kusukumwa, haikukata. Maana yake ulianza bodi hii na biti yenye makali ukaimaliza na biti butu. Mkono wako hauna kosa. Umebadilisha aina ya bodi, biti ukaacha zilezile.

Bodi ulizonunua safari hii ni za faiba, zile za rangi ya kijani-njano zinazopitisha mwanga. Ndani yake kuna kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa gundi ya epoksi, na wauzaji huziita FR4. Zile za kahawia ulizozoea ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi ya fenoli. Karatasi ni laini, biti ya chuma ya kawaida, ile inayoandikwa HSS, inaitoboa muda mrefu bila malalamiko. Kwenye faiba, biti hiyohiyo inasagwa na kioo kila inapozunguka, na ncha yake inakwisha kabla hujamaliza bodi chache. Kwa hiyo hizo biti unazonunua mojamoja pale mjini, hata wakupunguzie bei, bado zinakula faida ya mashine zako za vifaranga. Ama urudi kwenye bodi za kahawia, ama ubadilishe biti. Mimi nakushauri ubadilishe biti, maana mashine ya kutotolea inakaa kwenye joto na unyevu mchana na usiku, na faiba inastahimili unyevu kuliko karatasi.

Unachohitaji ni biti za kabaidi ya tungsteni. Hizi ndizo viwanda vya bodi vinatumia. Tungsteni ni madini ya jirani zetu, wanachimba Rwanda kule Nyakabingo, na kila ninapoagiza biti kutoka Uchina nafikiri jambo hilo na linaniuma. Lakini tuendelee. Kabaidi ni ngumu mno, kioo hakiisumbui sana. Ila haipindi hata kidogo. Biti ya HSS ukiilalia itakubali kupinda kwanza. Kabaidi ya milimita 0.8 ukiigusa kwa ubavu inakatika palepale, na kipande kinaruka usikokujua. Vaa miwani ya kazi, Mussa, hata kama ni tundu moja tu.

Utazitambua kwa umbo. Mwili wake wa juu ni mnene, thumni ya inchi, yaani milimita 3.175, halafu unachongoka ghafla na kuwa ncha nyembamba yenye mifereji. Unene huo unakusaidia kwa jambo uliloniandikia, kwamba mdomo wa drili yako haushiki biti nyembamba. Biti ya 0.5 na biti ya 1.3 zote zina mwili uleule wa 3.175, kwa hiyo mdomo unaoshika moja unashika zote. Shingoni utaona pete ya plastiki yenye rangi. Pete ipo kwa ajili ya mashine za kiwandani, na saizi mara nyingi imeandikwa juu yake. Usiikariri rangi, maana kiwanda hiki na kile hupaka tofauti. Soma namba, na kama imefutika, pima unene kwa venia, kile kipimo cha vitu vidogo, ukiwa na mkono mwepesi.

Sasa nikueleze ununuzi wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Ukitafuta mtandaoni kwa maneno PCB drill bit carbide, kitu cha kwanza kitakachokujia ni kiboksi cha biti 10 za saizi mchanganyiko, kuanzia 0.3 hadi 1.2. Bei yake ni dola chache na kinavutia sana. Kiache. Hebu fikiria bodi yako ya kudhibiti joto: biti za 0.3, 0.4 na 0.5 utazifanyia nini? Hizo ni za vitundu vya kuunganisha pande mbili za bodi kwenye kiwanda chenye mashine inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye stendi ya kawaida ya drili zinavunjika kwa kuguswa tu. Ile unayoihitaji kila siku, ya 0.8, kwenye kiboksi hicho ipo moja peke yake, na ndiyo itakayovunjika kwanza. Hapo umebaki na biti tisa na huna cha kutobolea.

Nunua saizi chache, kila moja kwa wingi. Nimeupitia mchoro wako na nimeona saizi tatu zinatosha. Ya 0.8 ni kwa rezista, LM35 (kile kihisi joto), transista ndogo na aisii zote. Ya 1.0 ni kwa dayodi ya 1N4007, ambayo miguu yake ni minene kuliko watu wanavyodhani, na kwa zile pini za kuchomeka waya, kwa sababu ni za mraba na kilichomo kwenye tundu ni ule mshazari, karibu 0.9. Ya 1.3 ni kwa terminali za skrubu na rilei. Matundu ya kufungia bodi kwenye boksi, ya milimita 3, toboa na biti yako ya chuma ya siku zote. Matundu manne kwa bodi hayatakutia hasara. Agiza boksi la 10 za 0.8, boksi la 10 za 1.0, na za 1.3 hata tano zinatosha. Usiwe na mpango wa kutoboa kila kitu kwa 0.8 kisha kupanua, kwa sababu kabaidi ikiingia kwenye tundu lililokwisha kutobolewa inanaswa ukingoni na kumeguka pembe.

Kuna njia ya kupunguza bei zaidi, nayo ni biti zilizonolewa upya. Kiwanda cha bodi hakisubiri biti ife. Wanahesabu matundu, na ikifika idadi waliyojiwekea wanaitoa, wananoa, wanairudisha kazini, na baada ya kunolewa mara kadhaa inaondolewa kabisa kwa kuwa imefupika. Nyingi kati ya hizo huuzwa kwa bei ya chini. Kwa kiwanda kinachotoboa bodi mbili tatu zilizopangwa pamoja, ule ufupi ni tatizo. Kwako wewe unayetoboa bodi moja ya milimita 1.6, ncha iliyobaki inatosha na kuzidi. Mimi ninazitumia hizo kwa 1.0 na 1.3, na zinafanya kazi vizuri. Kwa 0.8 nanunua mpya, kwa vile ndiyo nyembamba kuliko zote na ndiyo inayofanya kazi nyingi.

Muuzaji mwingine ataweka bei ndogo sana juu ya picha. Bonyeza saizi yako ndipo uone bei ya kweli, maana ile ndogo huwa ni ya saizi isiyotafutwa na mtu. Na ukiona biti zinang'aa rangi ya dhahabu, soma maelezo vizuri. Ile dhahabu ni mpako tu, na ndani mara nyingi ni HSS ileile unayoikimbia. Kabaidi isiyopakwa ni ya kijivu iliyopooza. Zikikufikia mkononi, chukua moja uliyokubali kuipoteza, uikwaruze ncha yake kwa tupa: chuma kitaonyesha alama, kabaidi itaitelezesha tupa. Sumaku isikudanganye, kwa kuwa kabaidi imeshikanishwa kwa kobalti na nyingine zina mwili wa chuma, kwa hiyo itanasa vilevile.

Zitazame pia ncha. Kamera ya simu ukiivuta karibu inatosha. Utaona midomo miwili ya kukatia inakutana katikati, na pembe mbili za nje. Hizo pembe ndizo zinazochonga ukuta wa tundu. Zikiwa kali, ukingo unaonekana kama mstari mweusi uliochorwa kwa rula. Ikiwa imemeguka, hapo penye jeraha panameta kinukta cheupe. Yenye kinukta iweke pembeni kwa bodi za kahawia, usiitupe.

Kuhusu kusafirisha: ukiagiza peke yako, nauli inaweza kuzidi bei ya biti. Hapa Kariakoo wako mawakala wanaokusanya mizigo Guangzhou na kuileta kwa ndege, wanatoza kwa kilo. Boksi la biti 10 ni jepesi sana, kwa hiyo likiingia ndani ya mzigo wangu hutalisikia. Likifika nitakutumia kwa basi. Nitakachokuomba ni kwamba usizimwage zote kwenye kopo moja kama misumari. Zikigongana ncha zinamegukana zenyewe. Ziache kwenye boksi lake, kila moja kwenye tundu lake.

Pesa utakayookoa kwenye biti iweke kwenye stendi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu umeniandikia kwamba unatoboa kwa drili ya mkono. Kwa kabaidi haiwezekani, mkono haujatulia vya kutosha, hata wa fundi mzuri kama wewe. Kama stendi ya dukani ni ghali, tengeneza: mota ya volti 12 ya saizi ya 775, kishikio kidogo kinachoingia kwenye shafti yake ya milimita 5, na reli mbili za droo za kabati ili mota ishuke wima bila kucheza. Fundi seremala yeyote hapo Tabora atakufungia hizo reli. Kisha ipime hivi: funga biti, washa, weka karatasi nyeupe nyuma yake utazame ncha. Ukiona ncha moja iliyokolea, toboa. Ukiona kama ncha mbili zenye ukungu katikati, biti inayumba, na hapo itavunjika hata ingekuwa ya bei gani. Izungushe kidogo ndani ya kishikio, kaza tena, tazama tena.

Kwenye mchoro wako acha kijitundu katikati ya kila kisahani cha shaba, ili dawa ikila shaba ibaki shimo dogo la kuishika ncha isitangetange. Kwenye KiCad, ile programu ya kuchorea bodi, unapotoa mchoro wa kuprinti, chagua alama ndogo ya tundu, programu inafanya yenyewe. Hili jambo dogo ndilo limeniokolea biti nyingi kuliko lolote jingine, kwa kuwa zinavunjika zaidi pale zinapogusa shaba na kuteleza kuliko zikiwa ndani ya bodi. Chini ya bodi weka kipande cha MDF, ile mbao ya unga uliogandishwa, kilichonyooka, na kisogeze kila mara ili ncha itokee kwenye mbao mpya, isitokee kwenye shimo la zamani. Shusha kwa utulivu, pandisha moja kwa moja, na usisogeze bodi mpaka biti iwe imetoka kabisa.

Vumbi la faiba ni kioo. Vaa barakoa, futa meza kwa kitambaa chenye maji, usipulize kwa mdomo. Na wale vijana wanaokuja kujifunza kwako wasisimame karibu bila miwani.

Nipe majibu mawili kabla sijafunga oda mwishoni mwa mwezi. Kwanza, pima miguu ya transfoma yako, maana kwenye mchoro hukuandika, na kama inazidi milimita 1.1 hata ile 1.3 inaweza kubana, basi nitaongeza boksi la 1.5. Pili, niambie drili yako ya zamani inaanzia kushika milimita ngapi, nijue kama nikuletee na kishikio au unacho cha kuanzia. Pesa utanitumia mzigo ukishafika, usiwe na haraka.

Msalimie sana shemeji, na mwambie yule kijana wako mkubwa kwamba ile redio aliyoniachia imepona, inakuja na hilo basi.

Ndimi nduguyo,
Salum