Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Ultrasaundi ya Ini Wakati wa Upasuaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mfawidhi,
Walimu wetu, wauguzi wenzetu, ndugu na marafiki,
Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutusikiliza. Sisi ni wahitimu 12: madaktari walio masomoni katika upasuaji, wauguzi wa chumba cha upasuaji na wataalamu wa radiolojia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, saratani ya utumbo mpana ikisambaa, mara nyingi hutua kwanza kwenye ini, kwa kuwa damu itokayo utumboni hupita huko kupitia mshipa wa lango la ini. Vivimbe inavyootesha huko vikiwa vichache na vikaondolewa vyote, mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi, na wapo wanaopona kabisa. Kazi ni kuvipata vyote. Kivimbe cha milimita chache kinaweza kuipita picha ya CT scan iliyopigwa kabla ya upasuaji. Vidole vya daktari navyo hushika kigumu kilicho juu juu. Kilichozama ndani hakishikiki.

Ndiyo maana kichwa kidogo cha ultrasaundi, yaani kifaa cha mkononi kinachotoa na kupokea mawimbi ya sauti ili kutengeneza picha, huwekwa juu ya ini lenyewe, tumbo likiwa wazi. Hapo hakuna ngozi, mbavu wala gesi ya utumbo ya kuzuia mawimbi ya sauti, na kwa kuwa safari ni fupi, mawimbi yanayotetema kwa kasi zaidi, ambayo hayafiki mbali, hutosha kuonyesha hata vitu vidogo sana. Katika miaka ya 1980 Profesa Masatoshi Makuuchi wa Japani aliitumia njia hii pia kumwongoza mpasuaji akate kipande kinachotakiwa tu, akifuata zile sehemu 8 za ini alizozieleza Mfaransa Claude Couinaud mwaka 1957.

Mwalimu wetu alinunua maini ya ng'ombe buchani, akayachanja kwa nyuma, akapachika njegere ndani, kisha akayatumbukiza kwenye karai la maji. Mwenzetu wa kwanza alipitisha kichwa cha mashine haraka haraka, akahesabu njegere 3. Zilikuwa 7. Akaambiwa arudie, ashike mshipa mkubwa na kuufuata tawi kwa tawi bila kuruka mahali. Akapata 6. Ya mwisho ilikuwa karibu kabisa na uso wa ini, pale ambapo mashine huona kwa shida. Ilijitokeza alipoinua kichwa kidogo, maji yakaingia kati. Tangu siku hiyo hakuna kati yetu anayeharakisha.

Tumefundishwa pia kwamba si kila doa ni saratani: uvimbe wa maji na fundo la mishipa ya damu huweza kudanganya, na ini lililojaa mafuta baada ya dawa za kemo za kutibu saratani hutoa picha hafifu. Rangi ya kijani ya indosayanini, inayodungwa kwenye mshipa wa mgonjwa na kung'aa chini ya kamera maalumu, inasaidia kwa vivimbe vilivyo karibu na uso, takriban sentimita 1 tu kwenda chini. Kwa vya ndani zaidi tunategemea ultrasaundi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baadhi yetu tulishiriki kumhudumia mama mmoja aliyeondolewa kivimbe kimoja upande wa kulia wa ini. Daktari alipapasa ini lote kwa uangalifu, hakugusa kingine, tukafunga. Baada ya miezi mitano kikaonekana cha pili, kushoto, ndani kabisa. Hatuwezi kuapa kwamba kilikuwepo siku ile. Kinachotuuma ni kwamba hatukuwa na kifaa cha kukitafuta.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Mashine ya ultrasaundi tunayo. Tunaomba utusaidie kupata kichwa chake cha upasuaji kinachoendana nayo, pamoja na mifuko yake safi isiyo na vijidudu. Pili, tunaomba ratiba imruhusu mtaalamu wa radiolojia kuingia chumba cha upasuaji siku za upasuaji wa ini, asome picha akiwa bega kwa bega na daktari, kwa sababu tumbo likishafungwa hakuna wa kumuuliza.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu