Kaka, ile pistoni bado ninayo

Kaka, shikamoo.

Nimekupigia mara mbili tangu tulipomzika shangazi, hukupokea. Basi naandika hapa, maana najua hupita huku usiku ukikosa usingizi.

Asubuhi ile pikipiki ndogo ya mwanao, ile ya magurudumu manne, ilipokufa injini, sakitu ilikuwa imetanda juu ya majani, na yeye alishavaa kofia ngumu kabla hatujamaliza chai. Uliivuta kamba ya kuwashia mpaka ukachoka, nikakupokea, ikawaka. Nikakwambia iache ingurume polepole dakika tano, choki, ile inayobana hewa injini ikiwa baridi, uirudishe kidogo kidogo, mpaka ukisogeza kiganja karibu na silinda usikie joto. Ukasema mtoto anaganda. Wewe na subira hamjawahi kupatana, kumbuka baiskeli ya baba. Ukalegeza ile skrubu inayozuia mafuta yasivutwe hadi mwisho, niliyokuwa nimeikaza kwa mkono wangu, ukampandisha. Akavuta yote. Hakufika hata kwenye mti. Magurudumu ya nyuma yakakaza ghafla, mtoto akarushwa mbele, akaangukia viganja.

Hakuumia, namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Lakini alipouliza pikipiki yake ina nini, ulimjibu huku unanitazama mimi: "Baba yako mdogo ameiua kwa oili yake." Shemeji alikuwa dirishani, alisikia. Mtoto wa miaka saba akakaa siku mbili hanisalimii.

Na hilo la oili nalikiri. Tulizoea kuchanganya mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli, mimi nikasema tutie 60 kwa sababu ya baridi. Nilikosea. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachoipima, hupungua, na hewa ya baridi tayari imeshikana, ina oksijeni nyingi kuliko ya siku za joto. Injini inakosa petroli ya kutosha na inapata moto kupita kiasi. Kwenye baridi unaweka jeti kubwa kidogo au unapandisha sindano ya kabureta ngazi moja, oili inabaki kipimo kile kile. Ukifungua plagi ukaikuta nyeupe, ujue petroli ni ndogo. Ikiwa kahawia umepatia. Siku ile sikuyajua haya, na nilisema kwa kujiamini kama fundi.

Lakini niliifungua injini, kaka. Wewe hukutaka hata kuitazama. Pistoni imechubuka pande nne, kuizunguka yote. Kama ingekuwa ni kukosa petroli tu, michubuko ingelemea upande wa ekzosti, kwenye moto mkali. Pande nne maana yake pistoni ilipata moto na kutanuka haraka, silinda iliyoizunguka ikiwa bado ya baridi, ikabanwa. Hizo ndizo dakika tano nilizokuomba. Sisemi oili yangu haikuchangia. Nasema ulinibebesha yote mbele ya mtoto.

Nasikia unataka kumnunulia mdogo wake pikipiki. Usiipashe moto ndani ya stoo iliyofungwa, moshi ule unaua. Inyanyue magurudumu ya nyuma kwanza, kwa sababu choki ikiwa imevutwa injini inazunguka kasi, klachi inashika, na inaweza kuruka mtu hajagusa kitu. Hakikisha kidude cha mafuta kikiachiwa kinarudi chenyewe. Maji yakiingia kwenye waya wake huganda. Na ile kamba ya kuzima injini akianguka mfunge mkononi, hata akilia. Haya ningekwambia tukiwa tumekaa.

Nimepata pistoni nyingine na ringi zake. Najua magoti ya mwanao sasa yatagonga usukani, amekua. Nitaifunga hivyo hivyo, nitaiwasha, nitaiacha ingurume. Mwambie baba yake mdogo anamsubiri. Ile ya zamani iko kwenye droo, ukija nitakuonyesha.