Saikolojia iwe somo, isiwe dawa

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya tukio baya shuleni, mwanafunzi kujidhuru au vijana kukutwa na dawa za kulevya, husikika wito uleule: saikolojia ifundishwe sekondari. Naunga mkono somo hilo liwepo. Sababu inayotolewa ndiyo nisiyokubaliana nayo.

Mwanafunzi mwenye sonona haponi kwa kutahiniwa kuhusu sonona. Anahitaji mtu wa kumsikiliza faragha na, ikibidi, wa kumfikisha hospitali. Hiyo ni kazi ya ushauri nasaha, ambayo katika shule nyingi huachiwa mwalimu wa malezi mwenye vipindi vyake vingine tele. Tukilitwisha somo mzigo huo, mwenye shida atakosa msaada, na darasa zima litakosa somo kwa sababu vipindi vitageuka mawaidha. Mawaidha tunayo ya kutosha, kuanzia mstarini asubuhi.

Ninalolitaka ni somo la sayansi, la kidato cha tano na sita, lenye majaribio. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo shule yoyote ya kata inaweza kulirudia kwa karatasi na kalamu. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakakifunika na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliokuwa wamejipima ndio waliokumbuka zaidi. Hebu fikiria darasa la vijana wanaopiga msuli kwa kukesha na madesa likiyaona matokeo hayo kwa macho yake. Litaanza kuuliza. Makundi yaligawanywaje? Pengine wa kundi la pili walikuwa wakali tangu mwanzo? Watu 20 wanatosha kweli? Mimi nafundisha Biolojia, na maswali ya namna hiyo nayasikia kwa nadra sana, kwa kuwa majibu ya maabara yetu hujulikana kabla kiberiti hakijawashwa.

Nje ya darasa wanayahitaji zaidi. Simu zimejaa watu wanaojiita wanasaikolojia: eti tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, eti tabia ya mtu husomeka kwenye kundi lake la damu. Saikolojia yenyewe haijioni malaika. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza kwamba kati ya tafiti 100 zilizorudiwa, zilizotoa tena matokeo yaleyale hazikufika nusu. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kulifundisha, maana ni somo gani lingine la shule linalomwonyesha kijana jinsi elimu inavyojikagua hadharani?

Wapo wasemao hii ni elimu ya Wazungu kuhusu Wazungu. Lawama hiyo ina ukweli mwingi. Majaribio mengi maarufu yalifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya. Lakini Mary Ainsworth, ambaye nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi haitajwi bila jina lake, alianza kuwachunguza watoto na mama zao katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, miaka ya 1950, kabla ya kuifikisha kazi hiyo Baltimore, Marekani. Naye Charles Super, miaka ya 1970, aliwachunguza watoto wachanga wa Wakipsigis nchini Kenya. Walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, ila kwa kutambaa hawakuwatangulia. Kwa nini? Mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea kwa makusudi, kutambaa hawakukujali. Bibi yeyote wa hapa anaelewa habari hiyo kuliko profesa, na mwanafunzi anaweza kwenda kumhoji likizo.

Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano, yaani michepuo ya masomo anayochagua mwanafunzi, ziliongezwa hadi 65. Wa muziki wamepata, wa michezo wamepata, wa Kichina wamepata, na nawapongeza. Saikolojia haimo. Wakati huohuo, wazazi wenye uwezo wa kulipia mitaala ya kimataifa hapa hapa Dar es Salaam, watoto wao wanaisoma. Uingereza, katika mitihani ya ngazi hiyo, ndilo somo la pili kwa wingi wa watahiniwa baada ya Hisabati.

Nani atafundisha? Tutaambiwa kila mwalimu aliisoma chuoni. Ni kweli, tuliisoma, ya kufaulia mtihani: majina ya magwiji wa zamani, Piaget, Pavlov, Skinner, basi. Haitoshi. Waajiriwe wahitimu wa shahada ya saikolojia, wapewe mafunzo ya ualimu, na somo lianze katika shule chache, likiambatana na Biolojia na takwimu za msingi. Asipewe mwalimu wa malezi kwa sababu tu jina linafanana na kazi yake. Huyo apunguziwe vipindi na apewe chumba chenye mlango unaofungwa.

Na Taasisi ya Elimu ikifika kuandika kitabu cha kiada, naomba sura ya kwanza isianze na mbwa wa Pavlov, wale waliozoeshwa kudondokwa mate kwa kusikia ishara ya chakula. Ianze na watoto wa Kampala na wa Kipsigis. Pavlov anaweza kusubiri muhula wa pili.

Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro