Kaka, nyumba ya Pangani isiuzwe

Nice, Ufaransa, Jumatatu usiku

Shikamoo Kaka,

Sauti uliyonitumia nimeipata, na ya Baba Mdogo, ya kutaka nyumba ya Babu iuzwe, nimeisikiliza yote. Sikujibu palepale kwa sababu hasira zilinipanda. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie hela ya dawa za presha inakuja, asimkope mtu.

Jana sikuwa na zamu. Mariama, yule Msenegali tunayefanya naye kazi hotelini, akanichukua kwa basi hadi Saint-Paul-de-Vence. Kijiji kiko juu ya kilima, kimezungushiwa ukuta wa ngome tangu enzi za mfalme François wa Kwanza, miaka ya 1540. Ukisimama ukutani unaiona bahari ya Mediterania, ukigeuka ni milima ya Alps. Pazuri, Kaka! Vichochoro ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe, na chini wamepanga kokoto kwa kuzisimamisha, moja moja, hadi zikatoa michoro ya maua na jua. Nilivaa viatu vyepesi, kila kokoto niliisikia unyayoni.

Karibu na lango ipo hoteli inaitwa La Colombe d'Or. Aliyeianzisha ni Paul Roux, mtu wa hukohuko, alianza na kimgahawa mwaka 1920. Wachoraji walikuwa wakila na kulala kwake, wengine wakalipa kwa picha. Leo kutani mna Picasso, Matisse na Braque. Na mpaka sasa, Kaka, hoteli iko mikononi mwa ukoo wa Roux. Hawakuuza. Hapo sisi hatukuingia, tulikula mkate wetu uwanjani tukiwatazama wazee wakicheza mchezo wao wa kurusha tufe za chuma. Makaburini tuliona kaburi la mchoraji Chagall, aliyefariki 1985. Watu huliwekea vijiwe, Mariama naye akaweka chake.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni cha chini ya kijiji, nje ya ukuta. Hapo aliishi James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Harlem, New York. Alihamia mwanzoni mwa miaka ya 1970, akafia hapohapo tarehe 1 Desemba 1987. Nyumba ilikuwa kuukuu, ya mawe, ina bustani, na bustanini palikuwa na meza ambayo wanamuziki Miles Davis na Nina Simone waliikalia. Alikuwa akiilipia kidogo kidogo. Alipokufa, ndugu zake hawakuweza kubaki nayo. Imebomolewa, pamejengwa majumba ya kifahari. Mariama alinionyesha mahali penyewe, nikatafuta hata jiwe moja la zamani, sikuliona. Nililia, Kaka, na watu wakipita.

Sasa Baba Mdogo anasema kuta za Babu zinamomonyoka na mnunuzi anataka kiwanja cha kujenga hoteli ya wageni. Kuta zile ni za mawe na chokaa, zinatengenezeka. Ule mlango wa nakshi Baba alikuwa akiupaka mafuta kila ukikaribia mfungo, hakuna hela ya mnunuzi itakayoturudishia. Na neno lake kwamba watoto wa kike tusisemeshwe habari ya nyumba limeniuma sana. Mirathi ya Babu haijagawiwa. Fungu la Baba limo, na ndani yake mimi na Mwanaidi tuna haki yetu. Amuulize sheikh yeyote.

Tena huku siko kwa kubahatisha. Nimefanywa msimamizi wa ghorofa nzima, na cheti nimepewa, jina la Baba limeandikwa kamili. Mwambie Mama akitangaze msibani na harusini. Ila usiku nikirudi, ninachokitamani ni kuvuka na pantoni kwenda Bweni, upepo wa mto usoni, na samaki wa kupaka wa Mama.

Hela ya mabati nimemtumia Mwanaidi kwa M-Pesa leo asubuhi. Fundi aanzie upande wa kisimani, unakovuja, kabla ya masika. Za chokaa nitatuma mwisho wa mwezi. Karatasi ya Baba Mdogo usiitie sahihi, wala Mama asiwekeshwe dole gumba. Kama arubuni imeshapokelewa, irudishwe. Ikipungua nitajazia mimi.

Mdogo wako,
Rehema