Rehema, ukurasa wa ruhusa usiupeleke kwa mchapaji kwanza

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku Morogoro hatujambo. Mama mkwe goti linamsumbua lakini sokoni anakwenda vilevile, hakuna wa kumzuia. Bakari ameiuza ile pikipiki hatimaye, na sote tumepumua. Nakuandikia mbiombio kwa sababu umesema kijitabu chako cha Kiingereza cha watoto wa Kidato cha Kwanza kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa mwezi, nami nimenasa kwenye ukurasa mmoja.

Kwanza hongera. Sehemu ya salamu na ile ya kuelekezana njia ni nzuri sana, mtoto ataona stendi na soko lake mle ndani. Kinachoninyima usingizi ni ile orodha ya maneno ya ruhusa. Umeandika "allow" ni ruhusu, "permit" ni ruhusu, "let" ni ruhusu, ukapita. Mistari mitatu! Mtoto wa Kidato cha Kwanza ataikariri yote na bado hataweza kuomba kwenda chooni.

Nasema hivyo kwa ajili ya Pendo wa marehemu kaka. Ameanza sekondari mwaka huu. Shule ya msingi alifundishwa kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu kama masomo mengine, halafu ghafla hesabu, biolojia, jiografia, vyote Kiingereza. Siku moja katikati ya kipindi tumbo likamkata. Akanyoosha mkono, "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni." Akaambiwa hapa hatusemi Kiswahili. Akajikaza: "Teacher, allow me I go." Darasa zima likacheka, mwalimu akamwamuru akae mpaka aijue sentensi. Alikaa mpaka kengele, Rehema, tumbo lile lile. Shule siitaji. Nitakwenda kumwona mkuu wa shule mwenyewe, hilo niachie mimi.

Lakini itazame ile sentensi yake. Mtoto hakubahatisha. Sisi tunasema "niruhusu niende", na mwombaji yumo mara mbili, ndani ya niruhusu na tena ndani ya niende. Pendo alihamisha kila kipande bila kudondosha hata kimoja. Hakuna aliyemweleza kwamba Kiingereza kikishamtaja mtu baada ya "allow" hakimtaji tena, kinaweka "to" na kitendo: "allow me to go". Dakika mbili za maelezo zingemwokoa.

Na hapo orodha yako ndipo inaponiuma, maana "let" haiitaki hiyo "to" kabisa: "let me go". Anayejua tu kwamba yote ni ruhusu ataandika "let me to go", na kwa nini asiandike? "Permit" inafuata mwenendo wa "allow", ila hiyo ni ya fomu, sheria na vibao vya mlangoni. Hakuna mtoto anayemwomba mwenzake kalamu kwa "permit".

Kisha kuna kutendwa. "I was allowed to go" ni sawasawa. "I was let to go" si Kiingereza, na ukiondoa "to" mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu "he was let go" kwa kawaida ni mtu aliyeachishwa kazi. Kijana aandike hivyo kwenye barua ya maombi akimaanisha alipewa ruhusa ya kwenda msibani, mwajiri atasoma kingine kabisa.

Lile la kadi nalo usilisahau. Kwetu "kadi hii inaruhusu kuingia" inatosha, kila mtu ameelewa. Mwanafunzi anaandika "this card allows to enter" na anakatwa alama bila kuambiwa kosa liko wapi. Kiingereza kinataka kujua anayeruhusiwa ni nani: "allows you to enter". Ukitaka kumwacha mtu nje ya maneno, unageuza kitendo, kama vibao vya sigara vinavyosema "smoking is not allowed". Hili moja, Rehema, lingefaa nusu ukurasa peke yake. Limewaponza wengi, hata waliomaliza chuo.

Matamshi usiyaache. Neno "allow" wengi tunalisikia likitamkwa "alo". Mwisho wake ni kama wa "now", si kama wa "low". Ndiyo maana "allowed" na "aloud" sikioni ni kitu kimoja, na imla inawachanganya watoto kila mara. "Permit" ikiwa karatasi, mkazo unaanguka mwanzoni, ikiwa kitenzi unahamia mwishoni. Sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho tunazitamka zote sawa.

Sasa lile la "may I" na "can I", najua Mwalimu Shukuru hatakubaliana nami. Umeandika kwamba "can I go out" ni kosa. Tafadhali ifute hiyo. "May I" ina adabu ya rasmi zaidi, ni kweli, na kwenye usaili mtoto aitumie. Lakini "can I" ya kuomba ruhusa Waingereza wenyewe wanaisema kutwa nzima, wakubwa kwa wadogo. Mtoto aliyebanwa na tumbo akisema "can I" amesema Kiingereza, aachwe atoke. Ningependa ukurasa wako uanze hapo hapo, na sentensi ambazo mtoto atazihitaji siku ya kwanza kabla ya kanuni yoyote: kuingia, kutoka, kunywa maji, kurudiwa swali. Kupiga hodi wanakujua tangu wadogo, na kungoja karibu wanakujua. Wanachokosa ni maneno tu.

Nisisahau swali lako la Biblia ya babu, ile ya Mfalme James ya 1611. Hapana, si kosa la uchapaji. Marko 10:14 kweli inasema "Suffer the little children", na "suffer" pale si kuteseka, ni kuacha, kuruhusu. Ya kwetu ni "Waacheni watoto wadogo waje kwangu". Kiini cha hiyo "suffer" ni Kilatini cha kubeba kitu kwa chini, ndiyo ikaja kuvumilia, na unayemvumilia mwishowe umemruhusu. Lakini ona na hii: humo humo, Warumi 1:13, Paulo anasema "was let hitherto", na maana yake alizuiwa! Zamani kulikuwa na vitenzi viwili tofauti, cha kuacha na cha kuzuia, vikaja kufanana umbo. Cha kuzuia kimekufa, mabaki yake yako kwenye pasi za kusafiria za Uingereza, "without let or hindrance". Hiyo usiwape watoto, itawavuruga bure. Mpe babu, atafurahi.

Pendo tumeshinda naye jioni kadhaa, yeye mwanafunzi anayeomba, mimi mwalimu, halafu tunabadilishana. Sasa sentensi anazo. Ila darasani bado hanyooshi mkono, na hilo sijui nitalifanyaje.

Basi niambie: mchapaji anaweza kukungoja wiki moja zaidi? Ukurasa mmoja ukiongezeka gharama inapanda kiasi gani, na nani analipa, ninyi au ile kamati? Mwalimu Shukuru ameshaipitia rasimu au bado? Nikikutumia mifano niliyoiandika na Pendo utaipokea? Je, kule kwenu mtoto wa Kidato cha Kwanza akiomba kutoka kwa Kiswahili anafanywaje? Na ulipokuwa na darasa lenye watoto wa namna hii, uliwarudishaje kunyoosha mkono?

Nisalimie mama na wadogo wote. Jibu kabla hujakwenda kwa mchapaji, tafadhali sana.

Wako,
Tumaini