Barua kwa rafiki: amplifaya ya kugawia sauti

Rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote ulio nao kazini. Umeniuliza kama kweli kuna haja ya kununua amplifaya ya kugawia sauti, yaani sanduku linalopokea ishara moja na kuitoa kwenye matundu mengi, wakati waya wa Y unagawa sauti ileile kwa gharama ya konekta tatu tu. Haja ipo, ila sababu si ile wanayoitaja wengi.

Wengi husema ishara ikigawanywa hupungua nguvu. Hebu tupige hesabu. Miksa za kisasa huwa na ukinzani wa omu 50 hadi 150 upande wa kutolea, na kifaa kinachopokea kwa kiwango cha laini (kiwango cha kawaida cha sauti kati ya kifaa na kifaa) huwa na omu 10,000 au zaidi. Ukifunga vifaa vitatu vya namna hiyo kwenye Y, mzigo unakuwa kama omu 3,300, na kinachopotea hakifiki hata nusu desibeli. Sikio halitaona tofauti.

Shida ya Y ni kwamba wote mnakuwa kwenye waya mmoja, kwa hiyo kosa la mmoja ni kosa la wote. Waya wa balansi hubeba ishara kati ya mikono miwili, pini ya 2 na pini ya 3, na pini ya 1 ndiyo ardhi. Chukua mfano wa mpiga kamera anayekuja na plagi isiyo ya balansi. Ndani yake pini ya 3 imeungwa na pini ya 1. Akichomeka tu, mkono baridi wa ishara, yaani pini ya 3, unazikwa ardhini: kinasa sauti chako kinashuka desibeli 6, mtu wa matangazo naye vilevile, na ile kazi ya balansi ya kufuta mvumo inakufa kwa kila mmoja. Sakiti ya kutolea ya miksa nayo inahangaika kusukuma nusu ya ishara kwenye waya uliogusana, na hapo sauti inaanza kukwaruza. Mwingine akiwasha volti 48 za kulisha maiki kwenye kifaa chake, umeme huo unawafikia wote mlioungwa hapo.

Amplifaya ya kugawia huondoa hilo kwa sababu kila tundu la kutolea lina sakiti yake yenyewe ya kusukuma ishara. Tundu la 5 likigusana pini, matundu mengine hayajui. Unalipia huko kutenganishwa. Kuongezwa nguvu ni jambo dogo, na mara nyingi hata hutalihitaji. Kwa hiyo unapochagua, uliza kwanza kama kila tundu lina kisukumizi chake. Kuna masanduku yenye matundu 8 yanayotegemea kisukumizi kimoja na rezista za kugawa. Ni bora kidogo kuliko Y, lakini si kitu unachokihitaji.

Kuhusu pa kuifunga. Kwenye kazi za jukwaani ichukue kutoka matriksi au aux, zile njia za ziada za kutolea za miksa, kamwe isiwe njiani kati ya miksa na spika kuu. Adapta yake ikikatika umeme, wapokezi wake watanyamaza, lakini ukumbi lazima uendelee kusikia. Kutoka hapo walishe kinasa sauti, kamera, chumba cha wakalimani, spika za nje na gari la matangazo. Ile ishara ya kinasa ichukue kabla ya feda kuu (kitelezi kikuu cha sauti), kwa sababu utaishusha feda hiyo wakati wa makofi au ukumbi unapolia, na anayerekodi hapaswi kushuka nawe. Studioni kazi yake ni tulivu zaidi: miksi moja iende kwenye vinasa viwili, kwenye mita na kwenye amplifaya za hedifoni. Tena inafaa sana kwa taimukodi ya LTC, ile ishara ya muda inayolinganisha vifaa. Kwenye fremu 25 kwa sekunde, LTC ni biti 80 kwa kila fremu, yaani biti 2,000 kwa sekunde, na kwenye waya inasikika kama mlio wa kati ya hezi 1,000 na 2,000. Amplifaya ya sauti inaipitisha bila shida. Ila itengee mashine yake, au walau upande wake, maana mlio ule ni mkali na huvuja hadi kwenye njia jirani ukasikika sehemu za kimya.

Sasa viwango, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Lengo ni kwamba kinachoingia ndicho kinachotoka, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Toa mlio wa jaribio kutoka kwenye miksa hadi usome +4 dBu, kiwango cha laini cha vifaa vya kitaalamu, yaani volti 1.23. Tumia hezi 400 badala ya 1,000, kwa sababu multimita za bei ya chini zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani na hudanganya masafa yakipanda. Iweke multimita kwenye volti za AC, gusa pini ya 2 na pini ya 3 za tundu la kutolea, kisha zungusha geini (kirekebishi cha kiwango) hadi upate 1.23. Fanya hivyo kwa kila tundu. Halafu pima pini ya 2 kwa pini ya 1, na pini ya 3 kwa pini ya 1. Kwenye sakiti yenye mikono miwili iliyo sawa, kila upande utasoma kama 0.61. Ukipata 1.23 upande mmoja na sifuri upande wa pili, usikimbilie kusema imeharibika: baadhi hutengenezwa hivyo makusudi, balansi yake iko kwenye ukinzani tu. Lakini pini ya 2 kwa ya 3 ikisoma 0.61, kuna mkono mmoja usiotoa ishara, kwa mfano uliogusana na pini ya 1 ndani ya konekta. Kwenye tundu la transfoma, vipimo vya kwenda pini ya 1 havina maana, viache.

Angalia pia nafasi ya juu, yaani ile inayobaki kabla sauti haijapasuka. Ishara ya +4 ina vilele vinavyoweza kufika +20 au zaidi. Mashine nzuri husukuma hadi +24 dBu. Zile ndogo za adapta mara nyingi huishia chini ya hapo, na zitapasua sauti huku mita ya miksa ikiwa bado kijani. Ukiwa na ndogo, ipe ishara ya chini tangu matriksi. Usipandishe geini ya kuingilia kisha ukashusha za kutolea, maana upasukaji unatokea mwanzoni na kushusha baadaye hakuurudishi.

Kwa vifaa vya matumizi ya nyumbani vya -10 dBV, punguza desibeli 12. Kamera ni habari nyingine kabisa. Matundu mengi ya kamera yanasubiri kiwango cha maiki, na ukiwapa +4 watapasua tu hata wakishusha vipi. Kama kamera ina swichi ya kuchagua laini au maiki, mwambie aweke laini, na usikilize kwenye hedifoni yake yeye, si kwenye yako. Kama haina, mtengenezee kipunguzi cha desibeli 40: rezista ya omu 10,000 mfululizo kwenye pini ya 2, nyingine kama hiyo kwenye pini ya 3, kisha rezista ya omu 200 ikatize kati ya pini hizo mbili upande wa kamera. Tumia rezista za asilimia 1 ili mikono ibaki sawa. Kamera itaona ukinzani wa kama omu 200, sawa na maiki halisi.

Kipunguzi hicho kina faida ya pili. Mpiga kamera mara nyingi husahau volti 48 zikiwa zimewashwa. Umeme huo hupitia rezista ya kilo-omu 6.8 kwenye kila mkono na kurudi nyuma hadi kwenye sakiti yako. Moja kwa moja ni kama miliampea 7 kwa mkono, kupitia kipunguzi hushuka hadi 3. Transfoma huukata kabisa. Kwa tundu lolote linalokwenda kwa mtu usiyemjua, weka transfoma, na kipunguzi kitangulie transfoma. Transfoma ndogo hulemewa na besi kubwa, kwa hiyo ishara ikiwa imeshapunguzwa nayo inapumua.

Transfoma ndiyo dawa ya mvumo pia. Mvumo wa hezi 50 au 60 na ndugu zake unakuja pale vifaa viwili vinapokuwa na ethi (ardhi ya umeme) kutoka sehemu mbili tofauti, na waya wako wa sauti ukawa daraja kati yao. Kuutafuta, chomoa wapokezi wote, sikiliza tundu moja kwa hedifoni kupitia amplifaya yake ndogo, kisha wachomeke mmoja mmoja. Yule anayeuleta akiondoa chaja na kubaki na betri, mvumo ukakoma, umeshampata. Mpe tundu lenye transfoma, au tumia swichi ya kuachia pini ya 1 kwa huyo peke yake. Kukata ethi ya plagi ya umeme ni mwiko. Hiyo ethi inalinda uhai wa mtu, na hakuna rekodi inayostahili hatari hiyo.

Mchezo mwingine wa kuepuka ni kugeuza Y kinyumenyume ili kupata mono, kushoto na kulia vikiungwa pamoja. Hapo sakiti mbili za kutolea zinasukumana. Fanya mono ndani ya matriksi, au tumia kitufe cha mono cha amplifaya yenyewe. Nyingi zina njia mbili zinazoweza kuungwa kuwa moja.

Waya nao huhifadhi chaji kidogo kama kapasita. Kwa waya mrefu, hesabu kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita 100 ni nanofaradi 10, na kwa kisukumizi cha omu 100 sauti za juu hazipotei popote masikio yanapofika. Kwa chanzo cha zamani cha omu 600, zinaanza kuliwa karibu na hezi 26,000, na kila mita unayoongeza inasogeza mpaka huo chini.

Kuna kazi ambazo mashine hii haiziwezi. Maiki za jukwaani zinataka spliti (kigawaji cha maiki) yenye transfoma. Hedifoni za omu 32 zinataka nguvu ambayo tundu la laini halina. Sauti ya kidijitali ya AES3 kwenye sampuli 48,000 inakimbia zaidi ya megabiti 3 kwa sekunde kwenye waya wa omu 110, nayo ina vigawaji vyake. Ishara ya saa ya studio ya omu 75, inayolinganisha vifaa vya kidijitali, vivyo hivyo. Na matundu ya sauti yasiyotumika yaache wazi tu, hayahitaji kizibo.

Ukihitaji njia nyingi, unaweza kulisha mashine ya pili kutoka tundu la kwanza. Rekebisha kiwango kwenye ya kwanza, ya pili iache bila kuongeza wala kupunguza, na bakiza tundu moja lisilopewa mtu: daima anatokea mgeni dakika tano kabla ya kuanza. Ifunge kwenye betri ileile ya dharura inayolinda miksa, na weka karibu waya mmoja wa kuunganisha matriksi moja kwa moja na kinasa, ili mashine ikizima usianze kuutafuta.

Ukishapima matundu yako niandikie namba ulizozipata, hasa zile za pini ya 3. Kama kuna tundu linalosoma nusu, niambie pia aina ya konekta, tuanzie hapo.

Wako daima,
Rafiki yako